Shajara ya mishale: kutafuta ugumu unaokubaliana na upinde wa Mjomba

2 Machi

Naanza kuandika leo juu nimechoka kubahatisha. Upinde ninao tangu Desemba, Mjomba alinipa tukiwa Kitui kwa sikukuu, ni wa mulawa, ule mti Waswahili wanaita mkone, mviringo kutoka ncha hadi ncha, hauna pahali pamechongwa pa kupitishia mshale, mshale unakaa juu ya ngumi yako ukiegemea upande wa kushoto wa mshiko na hapo ndipo maneno yote yanaanzia. Nimepima huo mshiko, ni milimita 28. Kumbukeni hiyo 28, itarudi.

Mishale sita ya kwanza nilitengeneza na doweli za duka la hadiwea, mbao ngumu za kutoka nje, zilikuwa milimita 10 nikazipiga msasa mpaka tisa na nusu, nikabandika manyoya, nikavalisha vichwa vya bati. Ni mizuri kuangalia. Lakini inaenda kushoto. Mita 12, nalenga katikati ya gunia, mshale unakaa kushoto kama sentimita 30, na si mmoja, ni yote sita, asubuhi na jioni, nikiwa nimechoka ama sijachoka. Miezi miwili nimekuwa nikilaumu mkono wangu. Nimebadilisha venye nasimama, nimebadilisha vidole, nimejifunza kuachia ugwe polepole, alafu haraka, alafu bila kufikiria. Kushoto.

Leo ndio nimeangalia upinde wenyewe kwa makini. Upande wa kushoto, juu tu ya pahali ngumi inaishia, kuna alama imelika, upana wa ukucha wa kidole kidogo, mafuta ya mti yametoka na imebaki rangi ya mbao mbichi. Alafu nikachukua mshale nikaangalia manyoya, lile unyoya moja linalokaa upande wa upinde limechanika pembeni kwa yote sita, mengine mawili mazima. Na nikikumbuka, kila nikiachia kuna mlio, ta, mkavu, nilikuwa nafikiria ni ugwe. Si ugwe. Ni mkia wa mshale unagonga upinde ukipita.

4 Machi

Nimesoma usiku mbili na sasa nadhani naelewa, wacha niandike kwa maneno yangu ndio nijue kama kweli nimeelewa.

Ugwe ukiachiwa unarudi kwa mstari wa katikati ya upinde. Mshale hauko katikati, uko pembeni, nusu ya mshiko ni milimita 14 na ongeza nusu ya unene wa mshale wenyewe, kwa hivyo mkia unavutwa kwenda katikati na kichwa kimezuiwa na mti kisipite huko. Ukiwa umevuta kabisa, mshale unaangalia karibu sawasawa. Ugwe ukirudi nyumbani mshale unazidi kuangalia kushoto, kila inchi inazidi. Kama kijiti ni chuma tupu hakipindi, basi hakina njia, kitaenda kushoto na mkia utagonga. Kinachookoa ni kwamba kijiti cha mbao kikisukumwa na ugwe kwa nguvu hivyo kinapinda, tumbo linatoka upande mmoja, alafu linarudi upande wa pili, na kama kupinda huko kuna mwendo unaolingana na ule upinde, mkia unapita mshiko wakati umejikunja kwenda nje na haugusi kitu. Mshale unauzunguka upinde venye nyoka anazunguka jiwe, ukishapita unatulia na kwenda pale ulilenga.

Mtu mmoja, E. J. Rendtorff, ndiye aliyelipa hilo jina la fumbo la mpiga mishale mwaka wa 1913, na miaka ya 1930 mhandisi Clarence Hickman akapiga picha za mwendo wa kasi zikaonyesha mshale ukipinda na kurudi kweli. Wakamba na Wawata wa kule Tsavo walikuwa wanachagua vijiti vyao sawasawa kabla ya hiyo kamera, si lazima uone ndio ujue.

Kwa hivyo ukiwa mtu wa mkono wa kulia: mshale mgumu kupita kiasi unaenda kushoto, mshale legevu kupita kiasi unaenda kulia. Yangu inaenda kushoto. Doweli zangu ni ngumu sana kwa huu upinde. Nilikaa kwa kitanda nikajisikia vizuri ajabu, kwa sababu miezi miwili nimejiona sina mkono wa hii kazi.

Nimepima upinde pia. Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayeuza nyama, nikafunga juu ya mlango, nikavuta mpaka pale mimi huvuta, inchi 27. Imesoma kilo 19.2, yaani paundi 42 na kidogo. Mjomba alikuwa anasema ni 45 na hakudanganya, watu hupimia inchi 28 na mimi mkono wangu ni mfupi. Upinde kama huu kila inchi ni paundi mbili hivi ama tatu.

9 Machi

Leo ni kifaa cha kupimia. Hii nimeipenda sana, naandika kwa urefu.

Kipimo cha zamani cha mishale ya mbao ni hivi: unaweka kijiti juu ya nguzo mbili zenye umbali wa inchi 26, unaning'iniza uzito wa paundi 2 katikati, unaangalia kimeshuka kiasi gani, alafu unachukua 26 unagawa na hizo inchi kimeshuka. Jibu ni paundi za ugumu. Kikishuka nusu inchi, ni 52. Sasa mimi nafanya na milimita, na inchi 26 ni milimita 660, kwa hivyo nguzo zangu ziko mbali 660 na namba ya kugawa ni hiyo hiyo 660. Kikishuka milimita 15, 660 gawa kwa 15, ni 44. Ni rahisi hata kwa kichwa. Ukikutana na namba za mishale ya kaboni usichanganye, hiyo wanapima kwa inchi 28 na uzito tofauti kidogo, na kwao namba kubwa ndio legevu.

Uzito: paundi 2 ni gramu 907. Nimechukua chupa ya maji ya lita moja, nikaweka kwa mizani ya jikoni na ndoano yake ya waya, nikamwaga maji kidogo kidogo mpaka ikasoma 907, nikafunga kifuniko na selotepu. Nguzo ni misumari miwili mikubwa imepigwa kwa ubao, nimeivalisha mipira ya waya wa stima ndio isikwaruze mbao.

Mara ya kwanza nilisoma na rula tu na hapo nikaona shida. Kati ya milimita 15 na 16 kuna tofauti ya karibu paundi tatu, na macho yangu kwa rula yanaweza kukosea nusu milimita bila shida. Kwa hivyo nikatengeneza mshale wa kuonyesha, kijiti chepesi cha mwanzi kimefungwa na pini, mguu mfupi sentimita 3 unakaa chini ya kijiti kinachopimwa, mguu mrefu sentimita 30 unatembea juu ya karatasi ya grafu. Milimita moja inakuwa kumi. Ukipima mara tatu unapata namba moja mara tatu, na hiyo ndiyo furaha yenyewe.

Nikaweka doweli za hadiwea. Ya kwanza, 10.2. Gawa. Karibu 65. Ya pili 9.8, ya tatu 10.5. Upinde wa paundi 42 nimekuwa nikiulisha mishale ya 63 mpaka 67. Na kwa mshiko wa milimita 28, bila kuchongwa katikati, hata 42 ni nyingi, upinde mnene wa aina hii unataka mshale ulegee chini ya paundi zake, tano hivi mpaka kumi. Kwa hivyo natafuta kitu kati ya 32 na 38.

15 Machi

Gikomba, soko la Nairobi, upande wa mbao. Nimetoka Umoja saa moja asubuhi, nimerudi saa tisa.

Nilikuwa nataka saiprasi kavu, na nilikuwa nataka ubao ambao nyuzi zake zinaenda moja kwa moja kutoka mwisho hadi mwisho bila kutoka nje ya ubao. Hiyo ya pili ndio kazi. Ubao unaweza kuwa umenyooka kabisa na nyuzi zake zikawa zinapanda, kwa sababu msumeno haujali nyuzi, unakata pale umeelekezwa. Ukitoa kijiti hapo, nyuzi zinaingia upande mmoja zinatokea upande mwingine katikati ya safari, na hapo ndipo kitakatika, na kikikatika wakati unaachia, kipande cha nyuma bado kinasukumwa na ugwe na mkono wako uko mbele yake.

Nimepindua mbao kama arobaini. Muuzaji alinivumilia mwanzoni alafu akaniuliza, "Boss, wewe unanunua ubao ama unausoma?" Nikamwonyesha mistari kwa kando ya ubao, nikamwambia nataka mistari ikimbie hivi bila kuishia pembeni, akanyamaza, akaingia nyuma kabisa akaniletea mbao tatu za inchi moja zilizokuwa zimekauka chini ya zingine. Ya pili yake ilikuwa nzuri sana. Mistari imesongamana, nilihesabu kwa ncha karibu mistari kumi kwa inchi, na kwa kando inakimbia karibu ubao wote. Nikaichukua. Fundi wa mashine akaipasua vijiti vya mraba milimita 11, ishirini, urefu inchi 32, hakunidai pesa nyingi na alikuwa mwangalifu na ile mashine yake.

Kwa matatu ya kurudi makanga aliuliza kama ni za pazia. Nikamwambia ni za mishale, akataka kushika moja, akaipinda akaichungulia kwa jicho moja mpaka tukafika Donholm.

23 Machi

Vijiti: randa kwanza, kutoka mraba kuwa pembe nane, juu ya ubao wenye mfereji. Alafu ncha moja kwa drili, mkono mwingine na msasa umekunjwa, inazunguka na wewe unatembeza mkono. Usishike sana, inachoma. Lengo milimita 9 kila mahali, nacheki na kalipa kila sentimita kumi. Kati ya ishirini nimepata kumi na nne, sita nimetupa kwa sababu ya vifundo ama nyuzi kukimbia pembeni.

Sasa sikilizeni hii. Ubao mmoja, siku moja, unene mmoja wa milimita 9. Nikapima zote kumi na nne, ya kwanza imeshuka 15.1, ya mwisho imeshuka 21.3. Yaani 44 mpaka 31. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa mkono labda. Vijiti vilivyotoka upande wa ndani wa mti, pale mistari imeachana, ndio vilikuwa legevu, vya nje vilikuwa vigumu. Kama ningetengeneza mishale sita bila kupima, mmoja ungeenda kushoto na mwingine kulia na ningerudi kulaumu mkono tena.

Na kila kijiti nilikipima mara mbili, nikakizungusha robo. Vingine vinatoa namba mbili. Kijiti namba 5 upande mmoja 17.4, ukizungusha 18.6. Ukiangalia ncha yake utaona mistari ya miaka kama kurasa za kitabu, na kikipindwa kwa kando ya hizo kurasa kinakataa zaidi kuliko kikipindwa kwa uso wake. Kwa hivyo ile pengo la nyuma linaloingia ugwe nalikata likivuka mistari, si likifuata mistari. Hapo unapata vitu viwili, upande mgumu ndio unaegemea upinde kwa mishale yote bila kubahatisha, na ugwe hauwezi kupasua mbao kama shoka linavyopasua kuni. Nimeweka alama ya kalamu nyekundu upande unaotazama nje.

Nimezipanga hivi: tatu ngumu (44, 42, 41), moja ya 39, sita kati ya 35 na 38, nne kati ya 31 na 34.

29 Machi

Kamulu, kwa ploti ya Mjomba. Gunia la sukari limejazwa vitambaa na makaratasi ya nailoni, nyuma yake ni lundo la udongo wa shimo la choo, na nyuma ya hilo ukuta wa mawe. Hakuna mtu anapita huko. Nasema kwa sababu kuna kijana aliniuliza kama anaweza kupiga kwa ruufu ya ploti ya kupanga mjini, hapana, tafadhali, mshale ukikosa gunia unaenda mbali sana na kuna watoto wanaanika nguo.

Majaribio ya leo ni vijiti uchi, bila manyoya. Manyoya yanaficha makosa, mshale mbaya ukiwa na manyoya makubwa utanyooshwa tu njiani na utafikiria uko sawa kumbe umepoteza nguvu ukigonga upinde. Kijiti uchi hakina msaada. Nilichukua vitatu, cha 44, cha 38, cha 32, vyote inchi 30, vyote na kichwa cha gramu 8, na mishale miwili yenye manyoya ya kulinganisha. Vile vichwa ni vya fundi wa Kamukunji, anakunja bati kama koni, nilimpelekea mizani ndogo ya kutoka barabara ya Luthuli tukapima kimoja kimoja na akarudia vitatu bila kulalamika.

Mita 10. Cha 44: kushoto sentimita 12 na mkia umelala kulia, kile kile nimekuwa nikiona tangu Desemba. Cha 38: kushoto kidogo, sentimita 4. Cha 32: kulia sentimita 15, mkia kushoto, na kilipotoka hakukuwa na ule mlio kabisa. Nilirudia kila kimoja mara tano maana mara moja si kitu, ukiachia vibaya kijiti kizuri kitaonekana kibaya.

Alafu cha 39 kikakatika. Sikukipiga uchi, kilikuwa na manyoya, mshale wa nane ama wa tisa wa siku. Niliachia nikasikia mlio tofauti, kama kuni mbichi, na kipande cha mbele kikaruka juu, cha nyuma kikapita juu ya kidole gumba kikaacha mstari mwekundu kutoka kwa ukucha mpaka kwa kiungo. Damu kidogo. Kingekuwa chini kidogo kingeingia. Nimeleta vipande nyumbani nikaviangalia kwa tochi, na ndio hiyo, sentimita 20 kutoka mbele nyuzi zinakimbia nje, mteremko mrefu kama mdomo wa kalamu ya mwanzi. Nilikuwa nimeuona huo mstari nikisaga na nikajiambia ni mdogo. Tangu leo kila kijiti napinda kwa mikono pande zote kabla ya kukiweka kwa upinde, nasikiliza, na kile chenye nyuzi zinatoka nje hakiingii kwa podo. Na mkono wa upinde unavaa glavu. Pia kwa vile vyenye mistari midogo ya kukimbia, upande wa juu nahakikisha ncha za hiyo mistari zinaangalia mbele, si kurudi kwangu.

27 Aprili

Mvua. Wiki nne sijapiga.

Jana nilitoa vijiti chini ya kitanda nikavipima tena kwa sababu tu kifaa kiko mezani. Namba 5 ilikuwa 17.4. Sasa 18.6. Nikafikiria chupa imeongezeka maji, nikaipima, 907. Nikapima zote, zimeshuka zote, zingine nusu milimita na zingine milimita nzima na zaidi. Na kwa mizani zimekuwa nzito, gramu moja hivi kila kijiti. Ukuta wa hiyo chumba unalia maji kila Aprili, na mbao imekunywa. Mbao mbichi inapinda zaidi, hii tunajua wote tukivunja kuni, lakini sikufikiria saiprasi kavu inaweza kupoteza paundi mbili chini ya kitanda Umoja.

Kwa hivyo: nimevipandisha juu ya kabati karibu na dari, pale joto la jikoni linafika. Ntavirudia Mei, vikikauka ntavipaka vanishi mara tatu mpaka ndani ya pengo, hapo ndipo maji yanaingilia.

18 Mei

Vimerudi. Namba 5 sasa 17.6. Nimepaka vanishi.

Zile tatu ngumu nimezishughulikia. Ugumu unafuata unene kwa nguvu ya nne, yaani ukipunguza kidogo tu unapoteza kingi: ya 44 nimeipiga msasa kutoka 9.0 hadi 8.8 ikaja 40, na milimita 0.2 ni kama unene wa karatasi mbili. Nikaenda polepole sana, mizunguko kumi ya msasa, kupima, mizunguko kumi, kupima. Sasa zote tatu ziko kati ya 36 na 38.

Zile nne legevu siwezi kuzinenepesha, lakini naweza kuzifupisha. Mshale mrefu unapinda zaidi, inchi moja tu ikipungua ni karibu sehemu moja kwa kumi ya ugumu unarudi. Ndio maana niliacha vyote virefu. Kukata ni rahisi na kuunganisha hakuna.

25 Mei

Kamulu tena, na leo Mjomba alikuwepo. Amekuja na fito tatu za mulawa amekata mwenyewe huko nyumbani miezi mitatu iliyopita, zimekauka na maganda, zimefungwa pamoja na kamba ya katani ndio zisijikunje. Tukawasha moto mdogo wa makaa. Anapitisha fito juu ya joto mpaka inashikika kwa shida, anaiweka kwa goti, anasukuma na kidole gumba pale imepinda, anashikilia mpaka inapoa, anachungulia. Hana haraka. Fito moja ilichukua karibu nusu saa.

Nilimwonyesha kidole changu, kovu bado liko. Akaniambia, "Kijana wangu, wewe umetoa mshale kwa ubao. Ubao umekatwa. Hii haijakatwa." Na ni kweli kabisa, fito iliyoota yenyewe nyuzi zake zinaanza chini na kuishia juu, msumeno haujazigusa, hakuna pahali zinakimbilia nje. Hiyo pekee imenifanya nitake kuacha mbao za Gikomba siku moja.

Alichukua vijiti vyangu akavipinda kimoja kimoja, ncha kwa udongo na kiganja juu, akatenga vile anapenda. Nilikuwa nimefunika namba. Alichagua saba, na sita kati ya hizo saba ni zile za 35 mpaka 38. Ile moja ilikuwa ya 33, na nilipoizungusha akaipinda upande mwingine akairudisha mwenyewe, akasema hii ina nyuso mbili. Anapima upinde wake mwenyewe tangu akiwa mvulana, anajua kiganja kinatakiwa kusikia nini. Mimi sina hicho kiganja, nina chupa ya maji.

Nilipima fito zake. Mbili zimeshuka 17.4 na 17.9, na ni nyembamba, milimita 8.5. Lakini uzito! Na kichwa na manyoya gramu 41, wakati saiprasi yangu ni 30. Kwa mita 15 mshale wa mulawa unashuka chini ya saiprasi karibu kiganja kizima, lakini kushoto ama kulia hauendi, na gunia linatetemeka tofauti kabisa. Kwa upinde wa paundi 42 watu wengi husema gramu 25 mpaka 27 inatosha, mimi gramu 30 imenifaa, upinde umenyamaza na mkono hautetemeki.

Mjomba alitaka kujua tutawinda nini. Nikamwambia Mjomba, gunia tu, uwindaji ulifungwa 1977. Akasema anajua, alikuwepo.

8 Juni

Kukata na kupiga, siku nzima.

Zile sita za 35–38 nimeziacha inchi 30, kichwa gramu 8. Uchi, mita 10, zinaingia ndani ya upana wa kiganja pamoja na za manyoya, mbili zilikuwa bado kushoto kidogo. Kwa hizo mbili sikugusa mbao, niliongeza kichwa, nikajaza nta na vipande vya risasi ya kuvulia samaki ndani ya koni mpaka gramu 9.7. Kichwa kizito kinamfanya mshale apinde zaidi. Zikaja katikati.

Zile nne legevu nilianza kukata nusu inchi. Uchi, kulia sentimita 15, nikakata, sentimita 9, nikakata tena, sentimita 3. Hapo ni inchi 29. Nikaacha. Kuna kishawishi cha kukata mara ya tatu ndio ifike sifuri, nisikize mimi, uchi ukiwa karibu hivyo weka manyoya, kwa sababu manyoya na gundi nyuma yanaongeza ugumu kidogo kwa mwendo na ukishapita huwezi kurudi.

Pia nilicheza na ugwe. Kutoka mshiko hadi ugwe ilikuwa sentimita 15, nikausokota zaidi ikafika 16 na nusu, mlio ukapungua na mishale ikatulia. Ni kitu ningefaa kufanya Machi kabla ya kupima chochote, sasa najua, ukibadilisha ugwe baada ya kukata mishale unaanza upya.

Manyoya ni ya bata mzinga, nilipata kwa mama mmoja anayeuza kuku Burma, bawa la kushoto peke yake kwa mishale yote. Kuchanganya kushoto na kulia kwa mshale mmoja inausokota vibaya.

22 Juni

Mishale kumi na mbili iko tayari. Saiprasi tisa za inchi 30 na tatu za inchi 29. Ile legevu ya nne, namba 7, imebaki nje, nitasema.

Mita 15, mishale sita, mara kumi. Mzunguko mbaya kabisa ulikuwa mkubwa kama sahani ya ugali, mzunguko mzuri ulifunikwa na kifuniko cha sufuria ndogo. Mingine iko kati ya hiyo miwili. Nimeangalia upinde, ile alama iliyolika haijaongezeka tangu Mei, nilikuwa nimeipaka mafuta na mafuta bado yako. Manyoya yote matatu ya kila mshale ni mazima. Na ukiachia unasikia ugwe peke yake, mlio mzito wa chini, alafu gunia.

Doweli za hadiwea bado ninazo sita. Nilipiga mbili leo kuhakikisha. Kushoto, sentimita 28 na 31. Mkono ni ule ule wa hizo zingine.

Namba 7: niliipaka vanishi ikiwa bado na maji ndani, nilikuwa na haraka ile jioni ya Mei, na sasa haikauki wala haipandi. Leo imesoma 20.9, wiki iliyopita 20.9. Nimeikwangua vanishi yote na kisu, nimeirudisha juu ya kabati, ntaipima tena Julai ikiisha.